Sumu Inayomwagwa ku Mizizi ya Miti



Siku ya kupima watoto, swali moja linarudia mara nyingi. Mama anasema: «Bwana yangu hapulizi sumu ku majani. Anaimwaga chini tu, ku mizizi ya kahawa na ya migomba. Basi matunda ni safi, sivyo?» Hapana, mama. Si hivyo. Sikiliza sababu yake.

Muti hauna mudomo, lakini unakunywa. Mizizi inafyonza maji ya udongo, na maji yale yanapanda ndani ya shina mupaka ku majani, ku maua na ku matunda. Kama unataka kuona kwa macho, kata ua jeupe pamoja na shina lake, uliweke ndani ya kikombe cha maji yenye rangi nyekundu ao ya buluu. Kesho utaona rangi imepanda mupaka juu. Kuko sumu ambazo zilitengenezwa zifuate njia ile ile. Mutu anaichanganya na maji na kuimwaga kuzunguka shina. Ao anatia punje ndogo sawa muchanga, kisha anazifunika na udongo. Muti mudogo unaipandisha upesi, muti mukubwa unakawia majuma mengi. Mududu anayefyonza jani ao kutoboa shina anaikunywa pamoja na maji ya muti, na anakufa.

Wakulima wanaipenda, na tunafahamu kwa nini. Haiombi pompi. Mvua haiioshi ku majani. Inafika hata kwa mududu aliyejificha ndani ya shina, pahali ambapo mukono haufiki. Katika Marekani watu wanaitumia sana ku miti ya kivuli. Mwaka 2002 waliona katika jimbo la Michigan mududu mumoja wa kijani aliyetoka Asia, anayekula chini ya ganda la muti unaoitwa ash. Mududu yule ameua mamilioni ya miti, na wenye miti ya barabarani na ya viwanja wanamwaga sumu inayoitwa imidakloprid ku mizizi ili waiokoe. Lakini angalia tofauti: muti ule ni wa kivuli na mbao, si wa chakula, na hakuna mama anayepanda maharagi chini yake.

Kwetu huku Kivu ni namna ingine. Chini ya mugomba tunapanda maharagi, lengalenga, maboga. Mizizi yote inalala pamoja katika udongo mumoja, na mizizi ya lengalenga haijui kwamba maji yale yaliwekwa kwa ajili ya mugomba. Tena mugomba ni mukubwa, sumu inatawanyika ndani yake; lengalenga ni kitu kidogo, na sisi tunakula majani yenyewe. Kwa hiyo mboga ya chini ya muti inaweza kuwa mbaya kuliko ndizi ya juu. Neno hili watu wengi hawalijui, na ndilo tunaomba mulikumbuke zaidi.

Utasema: «Nitaosha mboga muzuri.» Kuosha ni kuzuri siku zote, kunaondoa udongo na uchafu wa inje. Lakini sumu hii haiko inje, iko ndani ya jani, pahali maji ya kuosha hayafiki. Na moto wa kupika si wa kutegemea.

Jambo hili si la kuwaza tu. Mwaka 1985, katika jimbo la California kule Marekani, wakulima wamoja walitumia sumu ya udongo inayoitwa aldikarbu pahali matikiti maji yalikuwa yakilimwa. Sumu ile haikuruhusiwa kwa matikiti. Matunda yalikuwa mazuri kwa macho, hakuna aliyeona kitu. Watu walikula wakatapika, wakahara, wakatoka jasho, mwili ukatetemeka. Zaidi ya watu 1,000 waligonjwa, na serikali ikaamuru matikiti yaharibiwe. Mbele ya pale, mwaka 1979, sumu hiyo hiyo ilionekana ndani ya maji ya visima ku Long Island, karibu na New York, kwa sababu iliwekwa ku mashamba ya viazi na mvua ikaishusha chini. Basi kama kisima chenu kiko chini ya shamba lenye sumu, ulizeni.

Ndugu ya aldikarbu ni karbofurani, ambayo iliuzwa pahali pengi kwa jina la Furadan. Hizi mbili ni kali sana kwa mutu. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza karbofurani, na mapatano ya Rotterdam yaliziweka zote mbili katika orodha ya sumu ambazo nchi inaweza kuzikataa mupakani: aldikarbu mwaka 2011, karbofurani mwaka 2017. Lakini ku soko sumu inauzwa mara nyingi ndani ya sashe, imepimwa na kijiko, bila karatasi na bila jina. Muuzaji anasema tu: «Ni dawa ya wadudu.»

Neno hili «dawa» linatudanganya. Kile tunachompa mutoto ili apone tunakiita dawa, na kile tunachomwaga ili mududu afe tunakiita dawa vilevile. Ndiyo maana wamoja wanapakaa dawa ya shamba ku kichwa cha mutoto kwa ajili ya chawa, ao ku ngozi kwa ajili ya upele. Usifanye vile hata siku moja! Sumu hizi zinapita ndani ya ngozi, na ngozi ya mutoto ni laini. Mama mwenye mimba naye asizishike, kwa sababu sumu iliyo katika damu ya mama inaweza kufika kwa mutoto wa tumbo. Heri nyumbani muiite sumu, hata mutoto mudogo ajue.

Zile punje zinaomba uangalifu zaidi. Mutoto anacheza chini ya mugomba, anaona punje, anaziokota, kisha anatia vidole ku mudomo. Kuku naye anaparua, anameza. Punje moja ya karbofurani inatosha kuua ndege mudogo. Kama kuku amekufa hivi hivi ku shamba lenye sumu, usimupike, na usimupe mbwa. Muzike chini sana.

Utajua namna gani kama mutoto ameingiwa na sumu ya aina hii? Mate yanatoka mengi, machozi pia. Anatoka jasho, anatapika, anahara, tumbo linamuuma. Mboni ya jicho inakuwa ndogo sawa kichwa cha sindano. Anapumua kwa shida, na nyama ya mwili inatetemeka. Anaweza kuanguka kifafa. Inaweza kuanza upesi sana, mara zingine katika dakika chache. Usiseme ni malaria, tungoje kesho.

Muondoe pale palipo sumu. Vua nguo zake zote, muoshe mwili na nywele na maji mengi na sabuni, lakini wewe mwenyewe usiguse sumu na mikono mitupu. Kama sumu imeingia ku macho, yaoshe na maji safi kwa dakika 15. Usimutapishe kwa nguvu, wala na vidole, wala na maji ya chumvi. Usimupe maziwa ao mafuta ya mawese. Wazee wanasema yanakata sumu, lakini hayaikate, na mutoto anaweza kuyavuta mupaka ku mapafu. Kama amezimia, mulaze ubavu wa kushoto. Wakati munamuosha, mutu mwingine atafute pikipiki ao watu wa kumubeba, mumulete ku hospitali mara moja.

Na mulete karatasi ya sumu, ao kopo, ao sashe yenyewe ikiwa imefungwa ndani ya mufuko mwingine. Hili si kwa kuwahukumu. Ni kwa sababu matunzo hayafanani. Kwa aldikarbu na karbofurani, muganga ana sindano ya atropini, na mugonjwa aliyefika mapema anaweza kupona vizuri. Kwa imidakloprid, atropini si dawa yake. Muganga anasaidia pumzi na mwili mupaka sumu itoke yenyewe. Bila kujua jina, tunapoteza wakati.

Juu ya migomba, kuko njia ingine ambayo haiombi sumu. Wengi wanatumia punje kwa sababu ya kale kadudu keusi kenye mudomo murefu, ambako watoto wake wanatoboa shina chini mupaka mugomba unaanguka na upepo. Mbele ya kupanda, chukua kichipukizi, uchonge udongo na mizizi yote ku shina lake la chini mupaka kubaki peupe, na utupe kile chenye matundu. Kisha kitie ndani ya maji yanayotokota kwa sekunde 30 tu, hesabu polepole mupaka 30, ukitoe. Ku migomba ya zamani, chukua shina la mugomba uliokatwa, ulipasue katikati, ulaze upande wa ndani chini karibu na migomba mingine. Harufu yake inawaita. Kisha siku mbili ao tatu geuza, okota wale wadudu, uwaue. Rudilia na mashina mapya. Ni kazi, ndiyo, lakini lengalenga yako inabaki chakula.

Kama bwana yako amekwisha kumwaga sumu, usichume mboga pale, na usipande ingine mupaka umeulizia agronomi. Ku karatasi ya sumu kunaandikwa siku za kungoja mbele ya kuvuna. Kama mustari wa chini ni mwekundu, sumu ile ni kali kupita zote. Nguo za kazi ile zifuliwe peke yake, si ndani ya beseni ya mutoto, na si ku muto pahali watu wanachota maji. Kopo lililoisha litobolewe, lisiwekwe chumvi wala mafuta.

Na ile sumu iliyobaki nyumbani bila jina, ao ndani ya chupa ya Fanta? Usiimwage ku choo wala ku muto, na usiichome. Ifunge, iweke mbali na jiko, juu pahali mutoto hafiki, penye kufuli. Kisha mwambie agronomi ao kituo cha afya, wakuonyeshe pa kuipeleka.