Kipimo cha CA-125: Je, Namba Ikiwa Juu Ni Kansa?



Mapema mwaka huu mama mmoja alinisubiri nje ya kliniki hadi wagonjwa wote wakaisha. Mkononi alikuwa na karatasi ya maabara iliyokunjwa mpaka imechakaa. Alikuwa amepimwa damu mjini, na majibu yalisema: CA-125, 92, juu ya kawaida. Aliyempa karatasi alimwambia tu kwamba hicho ni "kipimo cha kansa". Kwa wiki tatu hakupata usingizi. Mumewe alikuwa tayari ametafuta mnunuzi wa ng'ombe wao.

Mama huyu tunamfahamu siku nyingi. Ana ugonjwa unaoitwa endometriosisi. Kwa ajili yake, na kwa wengine wenye karatasi kama hiyo, ninaandika ukurasa huu.

Ugonjwa wenyewe

Katika endometriosisi, nyama laini inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba huota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya mji wa mimba, hata juu ya matumbo. Kila mwezi huvimba na kutoa damu kama wakati wa hedhi, lakini damu hiyo haina pa kutokea. Ndiyo maana mama huumwa sana siku zake, au wakati wa tendo la ndoa, au akienda haja kubwa. Wengine huchelewa kupata mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huwapata wanawake kama 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Si kansa, wala si uchawi.

CA-125 ni nini?

Ni protini inayotokana na ngozi nyembamba zinazofunika viungo vya ndani. Dk. Robert Bast na wenzake wa Marekani waliieleza mwaka 1981, walipokuwa wakitafuta njia ya kutambua kansa ya ovari. Kila mwanamke anayo kidogo katika damu. Kiasi cha kawaida ni chini ya yuniti 35 katika mililita 1.

Shida ni kwamba ngozi hizo zikisumbuliwa na jambo lolote, protini huongezeka. Endometriosisi huipandisha. Vilevile hedhi yenyewe, mimba changa, faibroidi, maambukizi ya mirija ya uzazi, ugonjwa wa ini na kifua kikuu cha tumboni. Ukiona moshi juu ya paa la jirani, huenda nyumba inaungua, lakini mara nyingi mama anapika. Lazima mtu aende akatazame.

Je, namba ikiwa ndogo niko salama?

Si lazima. Kansa ya ovari inapoanza, karibu nusu ya wagonjwa namba yao haipandi. Huko Uingereza walichunguzwa wanawake zaidi ya 200,000, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa kuwapima wasio na dalili hakukupunguza vifo. Tena kipimo hiki hakitoshi kutambua endometriosisi, kwa maana wengi walio nayo wana namba ya kawaida.

Basi kina faida gani?

Humsaidia daktari kufuatilia mgonjwa wa kansa ya ovari anayetibiwa. Humsaidia pia kupima uzito wa uvimbe ulioonekana kwa altrasaundi, hasa kwa mama ambaye hedhi imekoma. Kwa mama huyo namba kubwa haipuuzwi.

Ufanye nini?

1. Kabla ya kutoa fedha, uliza: "Daktari, tunatafuta nini kwa kipimo hiki?"

2. Kama si jambo la haraka, usipimwe ukiwa katika hedhi. Andika tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho.

3. Usikae na karatasi nyumbani. Irudishe kwa daktari, akupime tumbo na altrasaundi. Ukirudia kipimo, rudia katika maabara ileile, kwa sababu mashine hutofautiana.

4. Tumbo likijaa karibu kila siku, ukishiba upesi, ukikonda, ukikojoa mara kwa mara, au ukitoka damu baada ya hedhi kukoma, njoo hospitali hata kama namba ni ndogo.

Je, endometriosisi huleta kansa ya ovari? Huongeza hatari kidogo. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa mwaka 2022 unakadiria kuwa kati ya wanawake 100 wenye ugonjwa huu, hawafiki 3 watakaoipata maishani mwao.

Yule mama alikuwa amepimwa siku ya pili ya hedhi. Altrasaundi ilionyesha uvimbe wenye damu ya zamani kwenye ovari, uleule tuliokuwa tukiufuatilia. Baada ya wiki sita namba ilikuwa 48. Bado iko juu ya 35, lakini daktari hakushtuka, wala mama hakushtuka tena. Anaendelea na dawa na kliniki. Ng'ombe hakuuzwa.

Nanyi akina baba, mke akipewa karatasi asiyoielewa, msimwache aibebe peke yake. Mfuatane naye hospitali.