Jinsi ya Kujua Kama Mahakama Imetoa Waranti Dhidi Yako

Mshtakiwa au shahidi aliyeitwa akikosa kufika siku ya kesi, mahakama huweza kutoa waranti ya kumkamata. Kwa mkazi wa Kizingitini mwenye kesi Mahakama ya Lamu, kusi kali tu huweza kumzuia kuvuka. Waranti hiyo haiishi muda: hudumu hadi itekelezwe au ifutwe na mahakama iliyoitoa.

Ili kuhakikisha:

1. Tafuta nambari ya kesi. Imo kwenye samansi au karatasi za dhamana.
2. Nenda na kitambulisho kwenye masijala ya mahakama inayosikiliza kesi. Karani ataangalia faili na kukueleza amri ya mwisho ya hakimu. Ikiwa una wakili, anaweza kukuulizia.
3. Usitegemee orodha ya kesi za siku pekee. Huonyesha kesi zitakazosikilizwa, si waranti.

Ukiambiwa ipo, usingoje kukamatwa. Fika mahakamani mwenyewe, ueleze sababu ya kukosa na ubebe ushahidi, kama vile karatasi za hospitali. Ukikawia, dhamana yaweza kutwaliwa na mdhamini wako kudaiwa.

Askari, chifu au dalali hawezi kufuta waranti. Usimlipe yeyote kwa ahadi hiyo.

Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Muda huo ukiisha nje ya saa za mahakama, ni siku ya kwanza ya kikao inayofuata.