Skana Inasoma Namba, Mengine Yote Yameandikwa Kwingine

Skana unayoielekeza kwenye pakiti ya unga haijui kwamba huo ni unga. Haijui bei yake, haijui umetoka wapi wala utaharibika lini. Inachopata ni tarakimu 13 tu. Nalitanguliza hili kwa sababu wenye maduka ya vyakula vya kwetu hapa Birmingham, Sparkbrook, Small Heath na kwingineko, huniuliza kwanza wanunue skana gani, wakati kinachoamua mambo ni orodha ya bidhaa iliyo kwenye kompyuta. Skana ya kawaida ya waya hufanya kazi kama kibodi: inachapa tarakimu hizo, kisha inabonyeza kitufe cha kuingiza. Basi.

Usomaji wenyewe ni suala la mwanga. Skana ya leza hupitisha mstari mwekundu juu ya msimbo pau. Mistari myeusi humeza mwanga, nafasi nyeupe huurudisha, na mabadiliko hayo hugeuzwa tarakimu. Ndiyo maana msimbo uliochapwa kwa wino mwekundu juu ya karatasi nyeupe hausomeki: chini ya mwanga mwekundu, wekundu na weupe huonekana sawa. Na ndiyo maana nailoni inayong'aa husumbua. Inamisha skana kidogo ili mng'ao usirudi moja kwa moja. Skana za kamera hupiga picha ya msimbo mzima, hivyo husoma QR pia, hata kwenye kioo cha simu. Ukinunua sasa, chukua ya kamera.

Tarakimu ya 13 ipo kwa ajili ya kuhakiki zile 12 za kwanza. Tuchukue namba ya kubuni, 620123456789. Jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo: 26. Jumlisha ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea: 27, kisha zidisha kwa 3 upate 81. Jumla ni 107. Ili kufika 110 zimebaki 3, kwa hiyo tarakimu ya mwisho ni 3. Skana hupiga hesabu hii kila mara, na isipolingana hukaa kimya. Kwa hiyo mteja akitozwa bei isiyo sahihi, karibu kila mara namba imesomwa vizuri. Aliyeingiza bei kwenye orodha ndiye wa kuulizwa.

Ile 620 ya mwanzo ni ya Tanzania, 616 ni ya Kenya, na 50 ni ya Uingereza. Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu ukidai kwamba tarakimu hizi zinaonyesha nchi bidhaa ilikotengenezwa. Si kweli. Zinaonyesha ni tawi gani la GS1, shirika linalogawa namba hizi duniani, lililoisajili kampuni husika. Kahawa iliyolimwa Kilimanjaro na kufungashwa Uingereza inaweza kabisa kuanza na 50.

Mfumo huu una nusu karne. Bidhaa ya kwanza kusomwa dukani ilikuwa pakiti ya chingamu, mjini Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974. Uingereza ilifuata mwaka 1979 kwa boksi la majani ya chai mjini Spalding. Tangu hapo namba ni ya aina ya bidhaa, si ya pakiti moja moja: pakiti inayoisha muda kesho na ile ya mwaka ujao zina namba ileile. GS1 inataka kufikia mwisho wa 2027 skana za madukani ziweze kusoma misimbo ya miraba, inayoweza kubeba pia tarehe na namba ya toleo. Kwa sasa tarehe husomwa kwa macho. Viungo vya pilau unavyopima na kufunga mwenyewe vipe namba inayoanza na 20 hadi 29, zilizotengwa kwa matumizi ya ndani ya duka. Ila kwa sambusa unazofunga na kuuza hapohapo, kumbuka kwamba tangu Oktoba 2021 sheria inataka lebo yenye viambato vyote, na vile vinavyoleta mzio vikiwa vimekolezwa.

Kwenye maghala kompyuta huweka pia kumbukumbu ya kila usomaji: jina la aliyeshika skana, na sekunde aliyobonyeza. Hapa ndipo ninapotaka wenzetu wa zamu za usiku wasome kwa makini. Ghala la Amazon la Coventry, linaloitwa BHX4 kwa kufuata alama ya uwanja wa ndege wa Birmingham, lilikuwa mahali pa mgomo rasmi wa kwanza wa wafanyakazi wa kampuni hiyo Uingereza, tarehe 25 Januari 2023. Mshahara ndio uliokuwa dai kuu, lakini wafanyakazi walilalamikia pia kuhesabiwa kila dakika. Ufaransa, mamlaka ya kulinda taarifa, CNIL, iliipiga kampuni tanzu ya Amazon faini ya yuro milioni 32 kwa kuwafuatilia wafanyakazi kupita kiasi, uamuzi uliotangazwa Januari 2024. Ilitaja vipimo vitatu: skana kukaa kimya dakika 10 au zaidi, kukatika kati ya dakika 1 na 10, na kusoma bidhaa chini ya sekunde 1.25 baada ya ile iliyotangulia. Kampuni ilipinga, ikisema vipimo hivyo ni vya usalama na ubora wa kazi. Kwa maoni yangu, kipimo kinachomfanya mtu ajieleze kwa kwenda msalani kimevuka mpaka.

Ukiwa mfanyakazi Uingereza, kumbukumbu hizo ni taarifa zako na una haki ya kupewa nakala. Ombi ni bure, na mwajiri anapaswa kujibu ndani ya mwezi mmoja, ingawa ombi tata linaweza kuongezewa muda. Andika tarehe za zamu zako na namba yako ya kazi, kisha utaje kwamba unataka kumbukumbu za skana pamoja na vipimo vyote vilivyotokana nazo.