Habari Isiyothibitishwa



Siku moja baada ya Sala ya Alfajiri tulipigiwa simu kutoka Muscat na mtoto wa jirani yetu, naye analia. Alikuwa amesoma katika kundi la WhatsApp la ukoo wao kwamba baba yake amefariki dunia hospitalini. Taazia zilikwisha kujaa, na yeye alikuwa akikopa nauli ili ayawahi maziko. Tulipofika hospitalini tulimkuta mzee amekaa kitandani, anakunywa uji. Aliyefariki ni mgonjwa wa kitanda cha pili. Kijana mmoja wa ukoo alisikia kilio wodini, akaandika jina la mzee pasina kuuliza.

Kijana yule hakukusudia ubaya. Lakini Mwenyezi Mungu (S.W.), katika Sura Al-Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha kuichunguza habari anayoileta fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Msomaji atasema: aliyeniletea mimi si fasiki, ni shangazi yangu. Sawa, na shangazi kaipata wapi? Mara nyingi naye kaletewa, na aliyeianzisha hajulikani.

Tukitazame kisa cha Ifki. Bibi Aisha (R.A.) aliporejea Madina kutoka vita vya Banu Mustaliq aliugua kiasi cha mwezi mmoja. Muda wote huo watu walikuwa wakimzungumza, na yeye hana habari, mpaka Ummu Mistah alipomweleza. Msemwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua! Na walioyachukua maneno yale hawakuwa wanafiki peke yao. Mistah mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopigana Badr. Sura An-Nur, aya ya 15, inawalaumu kwa kulipokezana kwa ndimi zao jambo wasilokuwa na ujuzi nalo, huku wakilidhania kuwa ni jepesi. Sisi leo hata ulimi hatuusumbui. Kidole kimoja kinatosha.

Kijana alitujia baada ya Isha. Alikwisha kuufuta ujumbe wake, akadhani yamekwisha. Tukamkumbusha kwamba toba ina masharti yake, na dhambi inayogusa haki ya mja huongezewa sharti jingine, nalo ni kuirejesha haki hiyo au kuomba radhi. Isitoshe, ujumbe ulikwisha kuvuka kwenda makundi mengine, na huko mkono wake haufiki.

Akaandika katika kundi lile lile kwamba amekosea, akampigia simu yule wa Muscat, kisha akaenda kwa mzee. Mzee alimsamehe papo hapo. Ila alimtaka amsomee majina ya wote walioandika taazia, kwani katika siku tisa alizolazwa, waliofika kumtazama hawakuzidi wanne.