Chini ya Wastani ni Wapi?

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Kule Sericho, katika Kaunti ya Isiolo, siku hizi dalili nyingine ni karatasi ya utabiri. Karatasi hiyo huanza safari kwa Kiingereza, ikapitia Kiswahili, ndipo isomewe wafugaji kwa Kiborana.

Nilikuwapo barazani siku moja kijana mmoja alipokuwa akiifasiri. Iliarifu kwamba mvua za Oktoba hadi Desemba zingekuwa "chini ya wastani". Kijana alikwama kwenye "wastani", hatimaye akasema "katikati". Mzee mmoja akanigeukia. "Mwalimu," akaniuliza, "mvua itanyesha chini ya katikati. Huko chini ni upande wa Lorian?"

Baadhi ya waliohudhuria waliangua kicheko. Mimi sikucheka. Lorian ni kinamasi kinachopokea maji ya mto Ewaso Nyiro, na aliyeiamini tafsiri ile angeweza kuwaswaga ng'ombe wake kuelekea huko akitarajia malisho. Ikumbukwe kuwa tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kaskazini mwa Kenya. Katika nyakati kama hizo, anayepotezwa na neno hupoteza mifugo.

Kijana hana lawama. Alifasiri maneno aliyopewa, ilhali maneno yenyewe hayakumlenga mfugaji. Wastani wa wataalamu ni hesabu ya mvua za miaka 30. Mfugaji anataka kujua iwapo nyasi zitawavusha ng'ombe wake hadi mvua nyingine.

Isitoshe, Waborana wana majina yao ya misimu: ganna ya mvua ndefu, adolessa ya baridi, hagayya ya mvua fupi, na bona ya ukavu. Kiswahili nacho kina masika, kipupwe, vuli na kiangazi, majina yanayokaribiana na hayo moja baada ya jingine. Nchini Tanzania, utabiri rasmi hutangazwa kwa majina ya Masika na Vuli. Sisi Wakenya aghalabu tumeyaachia vitabu vya shule, tukajitosheleza kwa "mvua ndefu" na "mvua fupi" tulizoazima kwa Kiingereza. Laiti karatasi ile ingesema vuli, kijana angefika kwenye hagayya bila kujikwaa.

Hapana budi, basi, watoao utabiri waketi na wasemaji wa lugha hizi kabla ya karatasi kuchapwa, wala si baada ya baraza kuvunjika.

Nilimjibu mzee yule hivi: "Hagayya ya mwaka huu huenda ikawa haba, na nyasi zisifike mwisho wa bona."

Alinyamaza kitambo. Kisha akawauliza wenzake, "Basi tuhame lini?"

Hilo ndilo swali ambalo utabiri ulikusudiwa kulizusha.