Kula na Kunywa Unapokwenda Mjini Dodoma



Umevuna alizeti na umeuza. Sasa unakwenda Dodoma mjini kununua bati, nguo za watoto na madaftari ya shule. Umeandika orodha ya vitu. Umehesabu fedha mara mbili. Hebu itazame tena orodha yako. Je, umeandika chakula?

Watu wengi hawaandiki. Husema, "Nitakula nikirudi nyumbani." Ikifika saa saba mchana, njaa inauma na fedha zote zimekwisha kwenye bati. Wengine hula bila hesabu. Jioni wanakuta fedha za madaftari zimeliwa. Tena, mtu mwenye njaa hana subira ya kupatana bei. Anataka amalize haraka, na muuzaji anamwona.

Basi fanya hesabu kabla ya kuondoka. Tuseme chai na chapati ni shilingi 1,000. Wali na maharage shilingi 2,000. Chupa ya maji shilingi 1,000. Choo cha kulipia shilingi 500. Jumla ni shilingi 4,500. Bei hubadilika, kwa hiyo waulize majirani waliokwenda mjini karibuni. Fedha hizo zifunge peke yake, kwenye pindo la khanga au mfuko mwingine. Usizichanganye na fedha za bati.

Ukiweza, kula nyumbani kabla ya safari. Chukua na chakula kikavu, kama karanga au viazi vitamu vilivyochemshwa. Chukua pia maji yaliyochemshwa katika chombo safi chenye kifuniko. Mboga yenye mchuzi usiibebe. Ndani ya basi lenye joto itachacha kabla ya mchana.

Ukitoka kwa basi upande wa Kongwa au Kibaigwa, utashuka stendi kuu, Nzuguni. Soko Kuu la Job Ndugai liko jirani na stendi hiyo. Soko la Majengo liko katikati ya mji, na kwenda huko utapanda daladala. Popote utakaponunua, kula kwanza, ndipo ununue vitu vizito. Ukiwa na mabati na mifuko mikononi utakaa popote penye nafasi, hata kama ni pachafu. Na ukiwa unakula, jicho lako moja litakuwa kwenye mzigo.

Utakula wapi? Watu wengine hudhani kwamba mahali pa bei kubwa ndipo penye usafi. Si lazima iwe hivyo. Kitambaa cheupe mezani hakikuonyeshi jikoni kukoje. Kwa mama lishe, jiko liko mbele ya macho yako. Mama hawa waliitwa pia mama ntilie, yaani "mama, nitilie chakula". Wanapika ugali, wali, maharage, mchicha, nyama na samaki. Ni chakula unachokijua, na bei yake ni nafuu. Lakini si wote walio sawa. Simama kidogo utazame.

Tazama sufuria. Chakula kinatoa mvuke, au kimepoa na nzi wanatua? Chakula cha moto sana ni salama zaidi, kwa sababu moto huua vijidudu. Nenda saa sita au saa saba, chakula kinapotoka jikoni. Wali wa saa kumi umekaa tangu mchana. Kama hauna moto, uache.

Tazama watu wananawaje. Ndoo yenye koki, na sabuni pembeni, ni nzuri. Beseni moja ambalo watu kumi wamechovya mikono halifai, hata kama maji yake ni ya uvuguvugu. Tazama pia sahani zinaoshwa wapi. Kama ni ndani ya ndoo moja yenye maji meusi, nenda kwa mama mwingine. Huhitaji kugombana naye.

Kachumbari ni tamu, lakini haikupikwa, na hujui iliosheshwa maji gani. Mimi huiacha na kuomba mchicha.

Kabla ya kukaa, uliza bei. "Shikamoo mama. Wali maharage bei gani? Na nikiongeza samaki?" Sehemu nyingine bei zimeandikwa ubaoni. Sasa unajua kusoma, basi soma mwenyewe. Hakuna atakayekudai zaidi ya kilichoandikwa bila wewe kujua.

Sasa tuseme juu ya kunywa. Dodoma ni kukavu, na wakati wa kiangazi jua na upepo hukausha mwili upesi. Wengi, hasa akina mama, hukataa kunywa maji ili wasitafute choo. Jioni kichwa kinauma, wanadhani ni malaria. Kunywa maji. Fedha ya choo tumekwisha kuihesabu.

Ukinunua maji ya chupa, fungua kifuniko mwenyewe. Pete ya kifuniko iwe nzima, na ikatike ukiwa unaona. Kama imekwisha kukatika, huenda chupa imejazwa tena. Tafuta alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Tafuta pia herufi EXP. Tarehe iliyo karibu na herufi hizo ni mwisho wa kutumia.

Juisi ya ubuyu na ya ukwaju ni nzuri, lakini uliza kama maji yake yalichemshwa. Jihadhari na barafu. Baridi haiui vijidudu, huvilaza tu. Chai ya moto haina wasiwasi huo.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam kikaenea katika mikoa mingi ya nchi yetu. Vijidudu vyake hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, vikaingia katika maji, mikono na chakula. Mgonjwa huharisha maji mengi, meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Asipopata maji mwilini anaweza kufa kwa saa chache. Mpeleke zahanati upesi. Njiani mnyweshe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, visifurike.

Jambo jingine. Ndani ya basi au stendi, usipokee soda wala biskuti kutoka kwa mtu usiyemjua, hata akiwa mpole. Wako wasafiri waliolala usingizi mzito na kuamka hawana fedha. Na pombe iache mpaka bati lifike nyumbani.

Watoto watakusubiri njiani. Usiwabebee chipsi na nyama katika mfuko kwa safari ndefu, vitafika vimeharibika. Wanunulie mkate au machungwa. Kama ni msimu wa zabibu, chukua zabibu za Dodoma, na uzioshe kwa maji safi kabla hawajazigombania.