KINGA YA SARATANI IANZE GHALANI

Kila Bunge linapokutana Dodoma, ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaokwenda huko kwa kazi za taifa hurudi na mizigo: karanga, zabibu, unga wa uwele, na ubuyu ambao akina mama wa visiwani huupika kwa sukari na hiliki wakauza vichochoroni. Siku hizi, pamoja na mizigo hiyo, huja pia maneno. Husemwa kwamba ubuyu huzuia saratani, kwamba mlonge huiponya, na kwamba anayekula zabibu nyeusi hataiona abadani. Maneno haya yameenea barazani, sokoni, na hata katika ofisi za Serikali.

Sisi hatuyadharau. Dini imetufunza kwamba hakuna maradhi yasiyo na dawa; lakini haikutufunza kumsadiki kila muuza dawa. Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu wetu kulipambanua jambo hili.

Kwanza, ni kweli kwamba vyakula vya mimea vina manufaa. Mkulima wa Ugogo aliyekula ugali wa uwele au mtama kwa mlenda alikuwa akila nafaka pamoja na makapi yake, na majani mabichi pamoja na utomvu wake. Daktari Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, ndiye aliyeueleza ulimwengu mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya wa watoto ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1971 daktari huyo huyo aliandika kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa nadra vijijini Afrika kwa sababu ya wingi wa makapi katika chakula cha wanavijiji. Si yote aliyoyawaza yaliyothibitika, lakini uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba wanaokula nafaka zisizokobolewa hupata saratani hiyo kwa uchache kuliko wengine. Ni jambo la kusikitisha, basi, kwamba sembe nyeupe imefanywa alama ya ustaarabu, na uwele ukaachiwa maskini.

Pili, hapana budi kutofautisha chakula na kidonge. Huko Finland wanaume wavuta sigara 29,133 walishirikishwa katika jaribio ambamo baadhi yao walipewa vidonge vya beta-karotini, yaani kile kitu kinachotia rangi karoti na maembe. Ilitumainiwa kwamba vingewakinga. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliomeza vidonge hivyo walikuwa wamepata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao, kwa asilimia 18. Jaribio la namna hiyo Marekani lilisimamishwa mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo kitu kilichomo ndani ya embe, kikitolewa na kushindiliwa katika kidonge, hakifanyi kazi ya embe.

Na zabibu je? Mwaka 1997 wataalamu wa Chicago walitangaza kwamba kitu kimoja kilichomo katika ganda la zabibu kilizuia saratani katika panya. Kwa binadamu jambo hilo halijathibitika. Lililothibitika ni kwamba pombe, ikiwamo mvinyo wa zabibu hizo hizo, husababisha saratani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitoa hukumu hiyo mwaka 1988.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni kwamba ghala lile lile linalotulisha laweza kuwa na adui. Katikati ya mwaka 2016 ugonjwa wa ghafla uliingia katika vijiji vya Mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu walishikwa na homa ya manjano, matumbo yakavimba, wakatapika. Waliougua walihesabiwa 68, na 20 kati yao walifariki dunia. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyoota ukungu unaotoa sumukuvu. Jirani zetu wa Kenya walikwisha kupata msiba huo mwaka 2004, walipougua watu 317 na kufa 125.

Sumu hii ilijulikana mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga. Haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauiondoi. Anayeila kwa wingi hufa kwa siku chache. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka huharibiwa ini, na mwisho wake huweza kuwa saratani. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B huwa katika hatari kubwa zaidi. Ukame huudhoofisha mmea shambani, na unyevu huukuza ukungu ghalani; mambo yote mawili nyanda za kati zinayajua.

Baadhi ya wasomaji watauliza: je, mboga za majani haziwezi kuiondoa sumu hiyo? Wilaya ya Qidong nchini China, iliyokuwa na saratani ya ini kwa wingi, inatupa jibu. Watu 180 walishiriki katika jaribio lililotangazwa mwaka 2001. Waliopewa dawa iliyotengenezwa kutokana na rangi ya kijani ya majani walipungukiwa na dalili za madhara ya sumukuvu kwa asilimia 55. Hiyo ni habari njema. Lakini kilichopunguza vifo vya saratani ya ini katika Qidong kwa kiasi kikubwa si dawa hiyo. Ni kwamba tangu miaka ya 1980 wananchi waliacha kutegemea mahindi machafu wakala mchele. Majani yalipunguza madhara. Kuiondoa sumu mezani ndiko kulikookoa maisha.

Hapo ndipo penye wajibu wa kila mmoja. Mkulima akaushe mahindi na karanga juu ya turubai, si juu ya udongo. Achambue punje zilizooza na zilizosinyaa. Aweke magunia juu ya chaga. Asimpe ng'ombe mahindi mabovu, kwani sumu hupita katika maziwa. Mtama na uwele, ambavyo huvumilia ukame na kwa kawaida havishambuliwi sana na ukungu huu, virudishiwe heshima. Na wanaotuhimiza kula dona wakumbuke kwamba sehemu kubwa ya sumu hukaa katika ganda na kiini. Dona ni bora pale tu mahindi yanapokuwa safi.

Nasi wa visiwani tusidhani kwamba haya ni mambo ya bara. Gunia lililoondoka kavu Kibaigwa laweza kulowa chomboni au bandarini Malindi. Kanuni za Afrika Mashariki haziruhusu sumukuvu kuzidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja za mahindi. Kanuni iliyoandikwa bila ya kupimwa gunia ni karatasi tu. Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, wapewe vyombo na watu wa kutosha sokoni na bandarini. Wazazi nao wahakikishe watoto wanapata chanjo ya homa ya ini, ambayo imo katika chanjo za watoto wachanga tangu mwaka 2002. Na mwenye uvimbe au damu isiyo ya kawaida aende hospitali mapema, asikae nyumbani akingojea majani yamponye.

Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ile ya Chakula ni Uhai. Wananchi walikusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, wakatenda. Hatukuhitaji fedha nyingi. Tulihitaji viongozi wanaokaa mkekani pamoja na watu. Mabalozi wa mashina bado wapo, na redio bado zipo. Kazi hiyo ianze upya kabla ya mavuno yajayo, kwani asiyeziba ufa hujenga ukuta.